Mama Mkwe Anasema Hakufanya Kitu Wakati wa Vita

SWALI

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Kasulu. Tulipofika kwenye migogoro ya Maziwa Makuu, mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza: "Mwalimu, kila tukisoma habari za vita, wanawake wanatajwa pamoja na watoto, kwamba waliuawa, walibakwa, walikimbia. Hakuna kingine walichofanya?" Sikuwa na jibu. Mama mkwe wangu ni Mrundi, alivuka mpaka mwaka 1993 akiwa na watoto wanne. Nikamwomba anisimulie. Akacheka, akasema, "Mimi sikufanya kitu, baba. Nilikuwa nalea watoto tu." Naomba unisaidie: wanawake hufanya nini hasa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na niwafundisheje wanafunzi wangu?

JIBU

Mwalimu, kwanza mfikishie salamu zangu binti huyo. Ameuliza swali ambalo sisi tunaoandika historia tulichelewa mno kuliuliza. Na mama mkwe wako, bila kukusudia, amekupa nusu ya jibu. Nimekusanya masimulizi ya wakimbizi wa Burundi kwa miaka mingi, na maneno hayo, "sikufanya kitu", nimeyasikia kwa wanawake wengi kuliko maneno mengine yoyote. Ukikaa na msimulizi mpaka kikombe cha pili cha chai, unagundua kwamba huyo ambaye hakufanya kitu alitembea usiku kwa usiku na mtoto mgongoni, alijua njia ipi ina askari na ipi haina, alimficha jirani wa kabila lingine uvunguni, na kitenge chake cha harusi alikibadilisha kwa chumvi. Kwake hizo ni kazi za nyumbani. Vita vilimkuta kwake, naye akaendelea kufanya yale aliyokuwa akiyafanya, katika hali ambayo kila moja kati ya hayo lingeweza kumwua.

Ningekuomba uanzie darasani na jambo ambalo vitabu vingi hulirukia: vita vya wenyewe kwa wenyewe havina uwanja. Wazee wa Kagera wanaokumbuka mwaka 1978 watakuambia askari walikuwa wapi na raia walikimbilia wapi. Kulikuwa na mbele na nyuma. Burundi ya mwaka 1993 haikuwa hivyo. Mstari wa vita ulipita katikati ya migomba, kati ya ua na ua, kati ya jiko na kisima. Na kwa kuwa jikoni na kisimani ndiko alikokuwa mwanamke, yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kila siku, bila sare wala mshahara. Ukivihesabu vita hivyo kwa bunduki, utamkosa. Vihesabu kwa maji, unga, kuni, taarifa na maiti zilizozikwa, utamkuta kila mahali.

Nianze na wenye majina, kwa sababu wanafunzi hupenda majina, kisha tuteremke kwa wasio nayo.

Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimwua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, akiwa hajatimiza hata miezi minne madarakani. Spika wa Bunge na naibu wake, ambao katiba iliwaweka karibu na kiti hicho, waliuawa pia. Aliyesalia na mamlaka ni Waziri Mkuu, Sylvie Kinigi, mchumi, Mtutsi katika serikali ya chama chenye Wahutu wengi. Alijihifadhi katika ubalozi wa Ufaransa mjini Bujumbura, akawakusanya mawaziri waliokuwa hai, akashikilia kilichobaki cha serikali mpaka Cyprien Ntaryamira alipokuwa rais Februari 1994. Ukiwauliza wanafunzi wako ni mwanamke gani wa kwanza kuchaguliwa rais barani Afrika, watamtaja Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, aliyeshinda uchaguzi wa mwaka 2005. Waambie kwamba miaka 12 kabla yake, jirani yetu huyu hapa aliongozwa na mwanamke katika miezi ambayo hakuna mwanamume aliyeitamani kazi hiyo.

Siku tatu baada ya kuuawa kwa Ndadaye, katika mji wa Ruyigi, upande wa pili wa mpaka wetu wa Kibondo, kulikuwa na Marguerite Barankitse, ambaye wengi humwita Maggy. Alikuwa akifanya kazi katika makao ya askofu. Yeye ni Mtutsi, na humo ndani alikuwa amewaficha majirani, wengi wao Wahutu. Tarehe 24 Oktoba Watutsi wenye silaha walivamia. Walimfunga kamba, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Alitoa fedha alizokuwa nazo kuwakomboa watoto, na siku ile wakaokoka watoto 25. Akawachukua, wa kabila hili na wa kabila lile, akaanza kuwapikia na kuwalaza chini ya paa moja katika nchi iliyokuwa ikichinjana kwa kabila. Hapo ndipo ilipozaliwa Maison Shalom, nyumba iliyokuja kulea maelfu ya yatima. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka upya, naye akawa mkimbizi nchini Rwanda.

Sasa itazame kazi hiyo kwa makini. Ondoa jina, ondoa tuzo za kimataifa alizopewa baadaye. Kinachobaki ni kile kile alichokutajia mama mkwe wako: kulea watoto tu.

Tuje kwa wasio na majina. Katika vita vile wanaume walipotea vijijini kwa namna nyingi. Wengine waliuawa, wengine waliingia msituni, wengine walifungwa, na wengi zaidi walijificha, kwa sababu kwenye kizuizi cha barabarani kijana wa kiume alikuwa mtuhumiwa kabla hajafungua mdomo. Mwanamke mwenye kikapu kichwani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupita. Basi yeye ndiye aliyekwenda sokoni, yeye ndiye aliyempeleka mgonjwa zahanati, yeye ndiye aliyezunguka magereza na makaburi akimtafuta mume. Mwanamke ambaye kabla ya vita hakuvuka mto bila kuaga akawa ndiye msafiri wa ukoo. Kazi ile ilimfundisha biashara, ilimfundisha kuzungumza na askari, ilimfundisha habari za nchi kuliko mumewe aliyelala porini.

Lakini kikapu ni kikapu, mwalimu, na hapa lazima tuwe wakweli. Kikapu kilichobeba maharagwe kiliweza kubeba barua ya waasi, na chini ya barua, risasi. Mwanamke aliyejua njia isiyo na doria aliweza kumwonyesha mkimbizi na aliweza kumwonyesha mpiganaji. Mwaka 1999 serikali ya Burundi iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya 300,000 wa Bujumbura Rural, ikawarundika katika kambi ili waasi wa FNL wakose chakula na taarifa. Watu waliugua na kufa katika kambi zile, na Nelson Mandela, alipochukua usuluhishi, alizipinga hadharani mpaka zikavunjwa. Mimi huona katika unyama ule ungamo moja: jeshi lenyewe lilijua kwamba vita vya msituni vililishwa na vijiji. Na katika vijiji ambavyo wanaume wake wengi hawakuwepo, aliyelima, aliyepika na aliyesikia habari kisimani alikuwa nani? Baadhi walifanya hivyo kwa moyo, kwa kuwa waliamini upande wao una haki. Wengi walifanya kwa kuwa aliyebisha hodi usiku alikuwa na bunduki. Msiwachanganye hao wawili darasani, ingawa vita viliwachanganya.

Wapo pia walioshika bunduki wenyewe. Waasi wa CNDD-FDD na FNL walikuwa na wapiganaji wanawake, kama walivyokuwepo Sierra Leone, Liberia, Uganda na kwingineko. Uganda ndiyo iliyomtoa Alice Auma, aliyejulikana kama Alice Lakwena, aliyeunda jeshi lake miongoni mwa Waacholi mwaka 1986 na mwaka uliofuata akalifikisha karibu na Jinja kabla halijapigwa. Alikimbilia Kenya, akafia katika kambi za Dadaab mwaka 2007. Kwa hiyo dhana kwamba mwanamke huingia vitani kwa kusukumwa tu haisimami.

Mfano wa Sierra Leone ninakuomba uutumie, kwa sababu una tarakimu, na tarakimu zake zinaonyesha jinsi mwanamke anavyofutwa kwenye kumbukumbu. Vita vya huko vilianza mwaka 1991 vikaisha mwaka 2002. Wakati wa kuweka silaha chini waliandikishwa wapiganaji zaidi ya 72,000, na wanawake kati yao hawakufika 5,000. Watoto walioandikishwa walikuwa karibu 6,800. Wasichana? Wapatao 500. Yeyote aliyeishi katika vita vile anajua kwamba kambi za waasi zilijaa wasichana waliotekwa, wakafanywa wake wa makamanda kwa nguvu, wakapika, wakabeba mizigo, wakapigana. Walikwenda wapi? Sababu moja kubwa ilikuwa kipimo kilichotumika mlangoni: ufike na bunduki, na pengine uifungue na kuiunga tena mbele ya ofisa ili uthibitishe kwamba wewe ni mpiganaji. Makamanda wengine waliwanyang'anya wasichana bunduki na kuwapa watu wao ili wao ndio wachukue malipo. Msichana aliyekuwa amebeba sufuria, majeruhi na mtoto wa kamanda hakuwa na cha kuonyesha. Akarudi kwao, kama kulikuwa na kwao, bila hati, bila senti, akiwa na mtoto ambaye kila mtu alimjua baba yake.

Liberia, jirani yao, walijifunza. Walipoanza kukusanya silaha mwishoni mwa mwaka 2003 walikubali kwamba mwanamke aliyeishi na kikosi ahesabiwe hata kama mikono yake mitupu. Katika watu zaidi ya 100,000 walioandikishwa, wanawake wakazidi 20,000. Vita ni vya ukanda ule ule, na baadhi ya wapiganaji walivuka mpaka wakapigana kote kuwili. Kilichobadilika zaidi ni swali lililoulizwa mlangoni.

Upande wetu wa mpaka unaujua kuliko mimi, maana uko Kasulu na kambi ya Mtabila ilikuwa jirani yako mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Nitakuongezea mambo mawili tu. Katika kambi, posho ilitoka kwa wahisani, nyumba ilitoka kwa wahisani, na mume hakuwa na shamba la kumpa mkewe wala ng'ombe wa kumwozea mwanawe. Kule Lukole, Ngara, wanaume walikuwa wakilalamika kwamba UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, imekuwa mume bora kuliko wao. Wengine waliyatafuna maneno hayo kwa uchungu, na uchungu huo mara nyingi uliishia mwilini mwa mke. La pili ni kuni. Posho ya mahindi na maharagwe makavu haipikwi kwa jua. Kuni zilikuwa nje ya kambi, na nje ya kambi ndiko wanawake walikobakwa. Wanawake wa Darfur, ambako jambo hilo hilo lilitokea, waliieleza hesabu ya familia zao waziwazi: akienda mwanamume watamwua, akienda mwanamke watambaka, basi aende mwanamke. Sijawahi kusoma maelezo ya ushujaa yaliyonikata maini kama hayo. Mwanafunzi wako amechoka kusikia kwamba wanawake walibakwa, na ana haki ya kuchoka pale jambo hilo linaposemwa kama mvua, kwamba ilinyesha tu. Lakini aliyekwenda kuni akijua kinachomngoja alikuwa amechagua nani katika nyumba yake aishi.

Na ubakaji wenyewe haukuja kama mvua. Ulipangwa, ukaamrishwa, na kwa muda mrefu ukaachwa bila mshitakiwa. Mahali ambapo sheria ya dunia ilibadilika ni Arusha. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba nchini Rwanda, alishitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na hati ya mwanzo ya mashitaka haikuwa na neno ubakaji. Wanawake walipoanza kutoa ushahidi wakausema, mahakamani, mbele ya majaji watatu ambao mmoja wao, Navanethem Pillay, alikuwa mwanamke na alikuwa tayari kuuliza zaidi. Mwaka 1997 hati ya mashitaka ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wakulima wa Taba, waliosimama kizimbani kama mashahidi kwa majina ya herufi tu ili wasidhuriwe, waliibadilisha sheria ya ulimwengu. Kama unatafuta jibu la "hakuna kingine walichofanya?", hilo moja lingetosha kipindi kizima.

Lakini mahakama ile ile ilimtia hatiani pia Pauline Nyiramasuhuko. Alikuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake wa Rwanda. Mwaka 1994 alikwenda Butare, mkoa wake, na hukumu ya Juni 2011 ilieleza alivyoshiriki kuamuru watu waliojihifadhi katika ofisi ya mkoa wachukuliwe, wabakwe, wauawe. Alihukumiwa pamoja na mwanawe wa kiume. Kifungo cha maisha alichopewa kilipunguzwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2015 kuwa miaka 47. Ni mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Walimu wengine humwacha, kwa kuogopa kwamba atawaharibia somo la akina mama wa amani. Mimi naona ukimwacha unawadanganya wanafunzi. Ukisema wanawake kwa asili yao ni wapole, umesema tena, kwa maneno mazuri, kwamba hawana uamuzi. Barankitse aliamua. Nyiramasuhuko naye aliamua.

Sasa amani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko kosa lile lile la kuhesabu bunduki linaporudi likiwa limevaa suti.

Mazungumzo ya Burundi yalianza Arusha Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kisha akashika Mandela. Meza ilichongwa kwa ajili ya makundi 19: vyama vya siasa, serikali na Bunge. Wanawake wa Burundi walikuwa tayari wamejipanga, kwa sababu vyama vyao vilianza kushirikiana tangu mwaka 1994 chini ya mwamvuli wa CAFOB, Wahutu na Watutsi pamoja, wakati ambapo wanaume wa kabila hizo hawakuweza kukaa benchi moja. Kusini mwa Bujumbura, kitongoji cha Busoro kilibaki na Wahutu na kile cha Musaga kikawa cha Watutsi. Majirani wa zamani waligeuka maadui, na ni wanawake wa pande hizo mbili walioanza kuvukiana tena kwa chakula na nguo. Walipofika Arusha na uzoefu huo, wajumbe wa vyama waliwapinga. Warundi wana usemi kwamba mtetea hawiki jogoo akiwapo. Baada ya kubisha sana hodi walipata nafasi ya waangalizi, wakae, wasikilize.

Hawakukaa kimya. Walivizia kwenye korido, walibisha vyumba vya hoteli, walipeleka makaratasi. Kisha Julai 2000, kwa msaada wa UNIFEM, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake, na Taasisi ya Mwalimu Nyerere, wakafanya mkutano wao wenyewe hapo hapo Arusha: wanawake wapatao 50, wawili wawili kutoka kila kundi la mezani, pamoja na wakimbizi na waliotoka nje ya nchi. Wakamkabidhi Mandela mapendekezo yao. Walitaka uhalifu wa kuwabaka wanawake usisamehewe, walitaka mjane anayerudi apate ardhi, walitaka haki ya kurithi, elimu kwa wasichana, na asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Mkataba uliposainiwa tarehe 28 Agosti 2000, zaidi ya nusu ya mapendekezo hayo yalikuwamo. Asilimia 30 haikuwamo. Hawakuiacha: iliingia katika Katiba ya mwaka 2005. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama kuhusu wanawake na amani, ambalo wataalamu hulinukuu kama ndilo chanzo cha yote, lilipitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, miezi miwili baada ya Arusha. Kina mama hawa hawakulingojea.

Wasomali walipata njia nyingine, na ni nzuri kuifundisha kwa sababu inafunua mantiki ya jambo lenyewe. Mazungumzo ya Somalia hugawanywa kwa koo. Mwanamke aliyezaliwa ukoo mmoja na kuolewa ukoo mwingine anaonekana na kila upande kuwa wa upande wa pili, basi hakuna ukoo unaompa kiti. Vita vikipamba moto baina ya koo hizo mbili, baba na kaka zake wako huku, mume na wanawe wako kule. Yeye hana upande wa kushangilia. Asha Haji Elmi na wenzake walipofika mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, walisema basi sisi ni ukoo wa sita, ukoo wa wanawake, tupeni viti vyetu. Wakapata viti 25 katika Bunge la mpito lenye viti 245. Mazungumzo yaliyofuata yalianzia Eldoret na kuhamia Mbagathi, Nairobi, na huko mwaka 2004 Asha Haji Elmi akaweka saini yake pamoja na viongozi wa makundi.

Wanawake wa Liberia waliovaa nyeupe na kuwazuia wajumbe wasitoke ukumbini Accra mwaka 2003 wanajulikana zaidi, hasa tangu Leymah Gbowee apate Nobeli mwaka 2011, kwa hiyo sitawarudia. Wanafunzi watawapata wenyewe kwa urahisi.

Lililo gumu kupatikana ni kinachofuata baada ya saini. Mjane wa Kirundi aliyerudi kutoka Kibondo au Kasulu alikuta shamba la mumewe liko mikononi mwa mashemeji. Akienda kwa baba yake, kaka zake wamegawana. Mila huweza kumpa binti kipande cha kulima, kiitwacho igiseke, lakini ni cha kutumia tu, hakiwi chake. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 1999 inayompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Burundi imekuwa na rasimu ya sheria ya mirathi kwa miaka mingi na haijawa sheria. Nchi ndogo, watu wengi, kila mita ina mdai, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuugusa moto huo. Hivyo mwanamke huyo aliyelisha familia kwa miaka 12 ya vita, aliyebeba kila kitu katika kikapu kile, anaingia katika amani bila pa kupanda mhogo. Ninapowaambia watu kwamba amani ya Burundi haijakamilika, huwa nina sura zao akilini.

Sasa nirudi kwa mama mkwe wako. Ulimwuliza alifanya nini wakati wa vita, na neno "vita" lilimfanya afikirie wenye bunduki. Hapo akajitoa. Muulizeni mambo madogo. Usiku wa kuondoka, nani alisema sasa tunaondoka? Alibeba nini, na aliacha nini mlangoni akageuka kukitazama? Watoto wanne, nani alibebwa, nani alitembea, na mdogo alinyamazishwaje askari walipopita? Chumvi ilitoka wapi? Njia nani aliijua? Kuni alikwenda na nani, saa ngapi? Kuna mtu ambaye yeye alimficha, au mtu aliyemficha yeye? Alipofika kambini, jina la nani liliandikwa kwenye kadi ya posho? Na shamba la kule, nani analima leo?

Usimlazimishe pale anaponyamaza. Uliza swali lingine, la kupikia au la watoto, na uache lile lipite. Kama anataka kulirudia atalirudia mwenyewe, pengine baada ya mwezi.

Halafu jambo moja la heshima, ambalo wewe unalijua vizuri ila shauku ya mwalimu inaweza kukusahaulisha. Wewe ni mkwe. Kuna maneno mwanamke wa rika lake hawezi kuyatamka mbele ya mume wa binti yake, na huenda kicheko kile alichokupa kilikuwa adabu tu. Mwachie mkeo aulize, jikoni, mikono yao ikichambua mchele. Wewe kaa barazani na daftari, na mkeo akitoka akakueleza, andika kwa maneno aliyoyatumia mama, Kirundi chake kikiwamo.